Mita 28 kati ya kisima na karo

"Shika hapo kaka, usiachie," fundi aliniambia, akanikabidhi ncha ya futi kamba juu ya bikoni. Yeye akauvuta utepe kwa mshazari, akaupitisha juu ya mafungu ya tofali mpaka bikoni ya kona ya pili. Akainama, akasoma: mita 28 na kidogo.

Kiwanja chetu ni cha ishirini kwa ishirini, kipimo ambacho madalali wa Dar es Salaam wanakitaja kana kwamba ni jina la mtu. Kichwani nilikuwa nimeshakipanga: kisima kona ya mbele karibu na geti, karo kona ya nyuma upande wa jikoni. Sasa miongozo ya Sphere, inayotumiwa na mashirika ya misaada duniani kote, inataka shimo la majitaka liwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na chini ya shimo hilo pawe juu ya usawa wa maji kwa mita moja na nusu. Miongozo hiyo iliandikwa kwa ajili ya maafa na dharura, kama kambi za wakimbizi. Lakini hata ningechimba kisima juu ya bikoni hii na karo juu ya ile, bila kuacha hata nafasi ya ukuta, nisingezifikia mita 30. Na hapo sijahesabu karo la jirani wa kushoto, ambalo liko hatua kumi kutoka pale nilipotaka kisima.

Tangu siku hiyo sijaweza kuangalia makadirio ya nyumba kama zamani. Watu tunabishana na fundi juu ya bei ya vigae mpaka jioni, tunahesabu mabati moja moja, halafu kisima na karo tunavipa mstari mmoja chini ya karatasi. Kiasi tunachokiandika hapo tumekiazima kwa shemeji aliyejenga mkoa mwingine. Bei ya shemeji ni ya kweli, ila ni bei ya ardhi yake.

Tuanze na kisima. Makampuni mengi ya kuchimba hutoza kwa mita, halafu huongeza gharama ya sivei ya kutafuta maji, ya kuleta mtambo, ya mabomba ya kuzuia kuta zisiporomoke, ya kokoto za kuchuja, ya kupima uwezo wa kisima, na ya pampu. Ili hesabu iwe nyepesi, tuchukue bei ya mfano ya shilingi 100,000 kwa mita. Kisima cha mita 30 ni milioni 3. Cha mita 120 ni milioni 12, kabla pampu haijanunuliwa, na pampu ya kuvuta maji kutoka mita 120 si ile ya kuvuta mita 30. Nyumba ni ileile, ramani ni ileile, lakini mwenye nyumba mmoja amelipa mara nne ya mwenzake kwa sababu ya kilicho chini ya miguu yake.

Kwenye mchanga wa pwani mambo yanaonekana mepesi. Sehemu nyingi maji yapo karibu, vijana wawili wenye sururu na kamba wanaweza kuyafikia, na pete za zege zinashushwa moja juu ya nyingine mpaka chini. Wepesi huo ndio hatari yake: maji yaliyo karibu nawe yako karibu na kila choo cha mtaa. Serikali yenyewe, ilipotafuta maji ya uhakika kwa ajili ya jiji upande wa Kimbiji na Mpera, ilichimba visima vyenye kina cha mamia ya mita. Mwananchi mwenye kiwanja Kigamboni hawezi kulipia kina hicho. Anaishi na tabaka la juu, na tabaka la juu ni la wote.

Ukitoka pwani ukapanda Dodoma, Singida au Shinyanga, unaingia kwenye mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Huko maji hayajatandazwa chini kama shuka. Yamejificha kwenye nyufa na kwenye mwamba uliooza, na jirani anaweza kupata maji mita 60 wakati wewe, hatua 40 kutoka kwake, umetoa vumbi tupu mita 100. Ndiyo maana sivei si mahali pa kubana matumizi. Mtaalamu anachoma vigingi vya chuma ardhini, anapitisha umeme, anapima jinsi ardhi inavyouzuia, kwa kuwa mwamba mkavu na mwamba wenye maji haiupitishi umeme sawasawa. Hawezi kukuhakikishia maji, lakini anapunguza sana kubahatisha. Wako pia wazee wanaotembea na kijiti cha panda mpaka kikainama. Nawaheshimu, lakini sijawahi kuona mmoja wao akirudisha hela ya shimo kavu.

Kutafuta njia ya bei nafuu kwenye ardhi ya namna hiyo hakukuanza leo. Kati ya mwaka 1974 na 1978, kwa msaada wa Uholanzi, Shinyanga ilikuwa na mradi wa visima vifupi: badala ya kupambana na mwamba, walitafuta maji kwenye udongo wa mabondeni, wakachimba kwa nyenzo za mkono na kufunga pampu za mkono. Baadaye, mwaka 2009, maji ya Ziwa Viktoria yalifika Kahama na Shinyanga kwa bomba. Kwa hiyo mtu anayejenga Shinyanga mjini leo ana swali ambalo baba yake hakuwa nalo: je, nichimbe kabisa, au nilipie kuunganishwa na bomba nijenge tangi kubwa? Mara nyingi jibu la pili ndilo la busara, lakini linakosa sifa. Kisima kinaonekana getini, tangi halimvutii mgeni.

Kuna jambo ambalo natamani kila anayejenga alishike kabla mtambo haujaegeshwa. Mchimbaji anauza mita, na wewe unataka maji. Akikuambia tuongeze mita 40 ili upate maji mengi zaidi, muulize: mengi zaidi kwa ajili ya nini? Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, inahitaji lita 480. Kisima dhaifu cha lita 300 kwa saa, kikiendeshwa saa sita tu, kinajaza lita 1,800. Kisima ambacho mchimbaji anakisikitikia kinaweza kuitosha nyumba yako mara tatu na zaidi, mradi una tangi la kuhifadhia. Ongezeko lile la mita 40, kwa bei yetu ya mfano, ni milioni 4.

Na kabla ya kusaini, mkataba useme wazi shimo likiwa kavu nani analipa nini. Mimi nilipoomba bei kwa mchimbaji mmoja, karatasi yake ilieleza rangi ya mtambo mpaka aina ya mabomba, lakini juu ya shimo kavu ilikuwa kimya. Nilipouliza, nikajibiwa, "Hapo hatujawahi kukosa, bosi." Niliiacha karatasi mezani kwake. Nilijifunza pia kwamba kuchimba kisima kirefu na kutumia maji yake kunahitaji kibali cha bodi ya bonde husika, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na kwamba mchimbaji mwenyewe anatakiwa awe na leseni. Nchi ina mabonde tisa. Dar es Salaam na jiji la Dodoma, pamoja na umbali wote uliopo, yako chini ya bonde moja la Wami/Ruvu. Watu wanaiona ofisi ya bonde kama kikwazo cha karatasi tu, lakini ndipo pa kuulizia visima vya jirani vilikuta maji mita ngapi. Swali hilo ni bure, na linaweza kukuokolea mamilioni.

Dodoma kuna somo jingine ambalo wengi wanaohamia huko hawajalisikia. Jiji kwa miongo mingi limeishi kwa visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji, na vipimo vya usawa wa maji hapo vinarudi nyuma hadi miaka ya 1950. Watafiti walipoichambua kumbukumbu hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 2013, waliona kwamba maji ya ardhini hayajazwi na mvua za kila mwaka. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa sana, kama ule wa El Niño wa 1997 na 1998, kisha hushuka polepole kwa miaka mingi. Kila kisima kinachochimbwa uani Dodoma kinachota kutoka kwenye akiba ya aina hiyo. Anayeweka pampu mita tatu tu chini ya usawa wa maji aliokuta siku ya kuchimba, ili abane mabomba, anajitengenezea ukame wake mwenyewe.

Arusha gharama kubwa inakuja baada ya maji kupatikana. Miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro inatoa floridi, na kuna kata wilayani Arumeru inayoitwa Maji ya Chai. Ukikutana na mzee wa huko akacheka, meno yake ya kahawia yanakueleza alichokunywa utotoni. Floridi ikizidi sana hufika kwenye mifupa, na watoto hupinda miguu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu mpaka 4 kwa miaka mingi kwa kuwa watu hawakuwa na maji mengine, kisha ikashusha kiwango. Kuchemsha hakusaidii hata kidogo: maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki palepale na kuwa kali zaidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa hiyo anayechimba kisima kwenye miteremko hiyo aandike mistari miwili ya ziada kwenye makadirio: kipimo cha maabara ya maji kabla hajanunua pampu, na chujio linalohitaji kubadilishwa maisha yote ya nyumba. Akiona mistari hiyo ni mizito, atumie maji ya kisima kufua na kujenga, ya kunywa na kupikia ayapate kwingine.

Mahali pengine kisima hakifai kufikiriwa kabisa. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, maji ya ardhini yako chini sana, na vizazi vya akina mama wa huko vilishuka mteremko na kupanda tena na mitungi kichwani. Watu wa huko walijifunza kuvuna mvua kwa bati na kuihifadhi kwenye mashimo yaliyosakafiwa uani. Hesabu yake mtoto wa darasa la tano anaiweza: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 Dar es Salaam, kwenye mvua ya milimita 1,100 hivi kwa mwaka, linapokea lita 110,000. Tukiondoa yanayomwagika na ya kusafishia bati, bado ni maji mengi yanayotuponyoka kupitia mfereji wa barabarani, huku tunapigia simu boza.

Kuhusu chumvi nitasema machache, maana kila aliyejenga karibu na bahari anaijua: sabuni haitoi povu, heita inakufa, bomba zinaota kutu. Ila wengi hawajui inavyopanda. Visiwani na ukingoni mwa bahari maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Ukivuta sana ukaishusha ile mita moja, chumvi nayo inapanda kwa kiasi hicho cha 40. Kwa hiyo huko kuchimba zaidi ni kulifuata tatizo, na pampu kubwa ya mwenye hoteli inaweza kuharibu kisima cha bibi aliyekikuta tangu utotoni.

Sasa karo, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi.

Karo lililojengwa sawasawa ni rahisi kulielewa. Ni chumba kisichovuja, sakafu yake zege, kimegawanywa mara mbili, cha kwanza kikiwa kikubwa zaidi. Kizito kinazama, mafuta na povu vinaelea, maji ya katikati yanapita kwenda chumba cha pili, na kutoka hapo yanaingia kwenye shimo la kunyonya ambako udongo unamalizia kazi. Udongo ndio mtambo wenyewe. Karo linapunguza mzigo tu, usafishaji halisi unafanywa na vijidudu na chembe za udongo maji yanapopenya polepole.

Ninachokiona mtaani ni kingine. Fundi anachimba shimo moja, anapanga tofali zenye matundu, anaacha chini wazi, anafunika kwa zege. "Acha liwe wazi, bosi, halitajaa." Na kweli halijai. Nimesikia watu wazima wakijisifu barazani kwamba karo lao halijawahi kunyonywa kwa miaka kumi na tano. Hiyo si sifa. Wahandisi hukadiria kwamba mtu mmoja huacha takriban lita 40 za tope kwa mwaka ndani ya karo. Familia ya watu sita kwa miaka 15 ni lita 3,600. Kama hazikutoka kwa gari, na maji yake hayakupita kwenye udongo uliochaguliwa, basi vimekwenda mahali, na kwa kiwanja cha ishirini kwa ishirini mahali penyewe hapako mbali.

Unguja hali ni ngumu zaidi, hasa upande wa mashariki, kwenye maweni. Kuchimba karo kule ni kuvunja jiwe la matumbawe kwa mtaimbo, siku baada ya siku, na bei ya vibarua inaonyesha hivyo. Likishachimbika, maji yanatoweka kana kwamba yamemwagwa kwenye pakacha. Jiwe lile lina matundu na mapango, na maji machafu yanaweza kufika kisimani yakiwa hayajachujwa na chochote. Miongozo ileile ya mita 30 inasema umbali uongezwe penye chokaa na mwamba wenye nyufa. Paje au Jambiani, karo lenye sakafu nzima, linalonyonywa kwa ratiba, ni ghali kulijenga na ghali kulitunza, na sioni njia ya mkato.

Kwenye mfinyanzi kasoro inageuka: udongo unakataa kunywa. Kipimo chake hakihitaji mhandisi. Chimba shimo la kina cha goti mahali unapotaka kuweka shimo la kunyonya, lijaze maji mpaka udongo ushibe, jaza tena, kisha angalia saa. Maji yakikaa mpaka kesho, shimo moja la duara halitakutosha. Unahitaji mifereji mirefu ya kokoto, na nafasi yake ununue pamoja na kiwanja. Mahali kama Msasani Bonde la Mpunga, jina lenyewe limeshakupa majibu ya kipimo.

Asiyepima analipa baadaye kwa magari. Tufanye tena hesabu ya mfano, shilingi 100,000 kwa tripu. Gari likija kila miezi miwili, ni 600,000 kwa mwaka, milioni 6 kwa miaka kumi. Na kumbuka zile lita 40 za tope: nyumba ya watu sita inatoa lita 240 tu kwa mwaka. Kila kinachozidi hapo kwenye tangi la gari ni maji yako mwenyewe, uliyoyalipia yakiingia na unayoyalipia tena yakitoka, kwa sababu ardhi haikuulizwa mapema. Haya mabaiodaijesta yanayotangazwa kuwa hayajai maisha yanapunguza tope, na mengine ni mazuri, lakini nayo yanatoa maji yanayohitaji udongo wa kunywa.

Wasio na hela ya gari wanasubiri masika. Dar es Salaam tunakuita kutapisha: mvua ikishika, mwenye choo anatoboa pembeni na kuachia kila kitu kiende na mafuriko. Siwezi kumlaumu mpangaji wa bondeni ambaye gari halifiki kwake. Mwenye nyumba ya milioni 80 anayefanya hivyo usiku, huyo namlaumu. Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam kisha kikasambaa mikoa mingi, na visima vifupi vya mitaani vilikuwa sehemu ya wasiwasi mkubwa wa kila mtu. Kilicho polepole zaidi hakitangazwi kwenye redio. Mwaka 1996 mjiolojia Hudson Nkotagu alichapisha utafiti kuhusu naitreti nyingi kwenye maji ya ardhini Dodoma, akaonyesha kwamba chanzo kikubwa ni majitaka ya watu. Naitreti haina rangi wala harufu, kuchemsha hakuiondoi, na anayeumia kwanza ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya kisima.

Mwanza, nyumba zilizoshikilia mawe mlimani haziwezi kuchimba karo wala kufikiwa na gari, na sehemu zake zimewekewa mabomba membamba ya majitaka yanayoshuka na mteremko, kaya nyingi zikichangia mstari mmoja. Hilo ndilo lililonirudisha kwenye kiwanja changu, kwa sababu linafanya kitu ambacho sisi wa tambarare hatujajaribu: majirani kukaa pamoja kabla ya kuchimba.

Jumamosi iliyofuata nilienda kwa jirani wa kushoto. Ni mzee mstaafu, nikamwamkia, tukakaa chini ya mwembe. Nikamweleza habari ya futi kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akatembea kidogo, akapiga mguu chini. "Lipo hapa, mwanangu. Na kisima changu kipo pale." Nikapima kwa hatua. Kumi na mbili.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza kipimo cha maabara ni shilingi ngapi na kinapelekwa wapi.

Sasa tuko kaya nne. Tumekubaliana kwamba mimi na jirani wa nyuma, ambao hatujaanza, makaro yetu tutayasogeza upande wa barabara, yawe na sakafu, ambako mpira wa gari unafika bila kupita sebuleni kwa mtu. Kisima sichimbi. Kibali cha kisima kirefu kimoja tutakiomba kwa pamoja, kwenye kiwanja cha mwalimu aliye mwisho wa mtaa, kwa sababu ndicho kilicho mbali kuliko vyote na makaro yaliyopo, na kila nyumba itakuwa na mita yake na tangi lake. Jirani mwingine bado anasita. Ameshamlipa mchimbaji nusu ya fedha, na mtambo unakuja Alhamisi. Kesho asubuhi, mimi na mzee tunakwenda kwake na futi kamba.